Valvu ya Baiskeli na Kichwa cha Mtoto: Tuliyojifunza Namatala

Hotuba ya walimu iliyosomwa mbele ya jumuiya siku ya kumbukumbu



Kamati ilipotuomba sisi walimu tuseme machache katika siku hii, ilitupa kichwa cha habari kisemacho "Vijana na Kazi". Tulikaa tukafikiri. Kila mwaka vijana huambiwa kutoka mahali hapa wasome kwa bidii, na kila mwaka, makofi yakiisha, hutufuata na swali lile lile: "Mwalimu, tukisoma tutakuwa nani?" Swali hilo si la utovu wa adabu. Kambini kijana anaziona kazi chache tu. Anamwona mwalimu, muuguzi, mkalimani, mlinzi wa ghala, na yule anayeandika majina siku ya mgao. Basi leo tungependa kuwaeleza juu ya kazi moja ambayo sisi wenyewe hatukujua kwamba ipo, mpaka mtoto mgonjwa alipotufikisha mlangoni pake.

Safari ya Mbale

Mtoto huyo mnamfahamu. Jina lake hatulitaji, ingawa mama yake ametupa ruhusa ya kusimulia. Alizaliwa hapa kambini akiwa mzima. Kabla hajatimiza mwezi mmoja akashikwa na homa kali. Homa ilipoa, lakini kichwa kikaanza kukua wiki hadi wiki, na macho yakawa yanaelekea chini kama jua linalotua. Maneno yakawa mengi. Wako waliosema mama alirogwa njiani wakati wa kukimbia, na wako waliosema ni adhabu. Mama akawa anamfunika mtoto kwa kanga hata wakati wa joto, na bombani alikuwa akingoja watu wote waondoke ndipo achote maji. Katika kituo kimoja cha afya alipewa dawa ya homa akarudishwa nyumbani, mara mbili.

Mwishowe muuguzi mmoja alimpima mtoto kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, akampima tena baada ya juma moja, kisha akaandika barua ya kumpeleka Mbale. Mama hakujua Kiingereza wala Kiganda. Kamati ikaamua mwalimu afuatane naye awe mkalimani. Hivyo ndivyo sisi walimu tulivyoingia katika habari hii.

Tulisafiri siku mbili. Tulilala Kampala karibu na kituo cha mabasi. Asubuhi tukavuka Mto Nile, tukapita Jinja, tukafika Iganga, tukashika njia ya Tirinyi kupitia mashamba ya mpunga, hata tukauona Mlima Elgon na mji wa Mbale chini yake. Hospitali ya watoto ya CURE iko Barabara ya Bugwere, upande wa mtaa wa Namatala. Siku za kungoja tulikodi chumba huko huko Namatala. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini na wa makabila mengi: Wagisu, Wagwere, Wateso, na Wakaramoja waliosukumwa na njaa na mapigano ya kwao. Hatukujiona wageni sana.

Ugonjwa wenyewe

Daktari alituambia mambo ambayo tungependa kila mzazi hapa ayasikie. Ndani ya ubongo wa kila mtu yanatengenezwa maji safi kila siku. Kwa mtu mzima hufikia karibu nusu lita kwa siku. Maji hayo huzunguka, kisha hufyonzwa na kurudi katika damu. Njia yake ikiziba, maji hukusanyika na kuukandamiza ubongo. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kwa hiyo kichwa hupanuka.

Je, njia inazibwa na nini? Watoto wengine huzaliwa hivyo, hasa wenye mgongo wazi. Lakini mwaka 2005 madaktari wa Mbale walitoa taarifa juu ya watoto 300 waliowatibu. Karibu 60 katika kila 100 walikuwa wamepata ugonjwa huo kutokana na maambukizo, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba wamegundua bakteria wa jamii ya Paenibacillus katika maji ya ubongo ya watoto wengi wa aina hiyo waliotibiwa hapo. Mama aliposikia tafsiri yetu alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo si mimi?" Tukamjibu, "Si wewe, mama."

Kidude nyuma ya sikio

Daktari akasema zipo njia mbili za upasuaji. Kwa mtoto wetu ile iliyofaa ilikuwa kumwekea mpira mwembamba chini ya ngozi, utoke kichwani upite nyuma ya sikio na shingoni mpaka tumboni, ambako maji hufyonzwa na mwili. Katika mpira huo mna kidude kiitwacho valvu. Tulishindwa kumtafsiria mama neno hilo.

Jioni hiyo tulikaa Namatala kando ya fundi wa baiskeli aliyekuwa jirani yetu, tukamweleza taabu yetu. Hakusema kitu. Alifungua gurudumu, akachomoa valvu, akatuonyesha kile kimpira chembamba kinachovikwa juu yake. "Upepo wa pampu unakisukuma unaingia," akasema, "lakini ukitaka kurudi, kinabana." Tulimchukulia mama kimpira hicho, akakitazama, akaelewa mara moja kuliko maneno yetu yote.

Siku mtoto alipotoka hospitali, mama alituomba tuguse nyuma ya sikio lake. Kulikuwa na uvimbe mdogo, mgumu kidogo. Tukajiuliza: nani alikitengeneza kitu hiki? Tulipotafuta habari zake, tukakuta kwamba walioanza hawakuwa madaktari peke yao.

Fundi wa kiwanda cha kufuli

Mwaka 1955, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, alizaliwa mtoto aitwaye Casey Holter mwenye mgongo wazi, na maji yakamjaa kichwani. Baba yake, John Holter, alikuwa fundi wa kampuni ya Yale & Towne, ile yenye kufuli ambazo wengi wenu mnazifahamu. Mabomba ya wakati ule yalikuwa yakiziba, au yakiruhusu damu kurudi nyuma. Daktari Eugene Spitz alimweleza tatizo lilivyo. Holter alikuwa amemwona muuguzi akichoma mpira kwa sindano, na sindano ilipotolewa tundu likajifunga lenyewe. Akafikiri: mpira uliochanjwa kidogo hufunguka maji yanaposukuma kutoka ndani, na hujifunga yanapotaka kurudi. Angalieni, ni jambo lile lile la fundi wetu wa Namatala.

Holter alifanya kazi katika karakana yake ya nyumbani. Mpira wa kawaida haukufaa kukaa ndani ya mwili, akatafuta kitu kingine, akapata silikoni. Mwaka 1956 valvu yake ikaanza kuwekwa ndani ya watoto. Casey mwenyewe hakuishi miaka mingi. Lakini baba yake aliiacha kazi yake ya awali, akaanzisha kiwanda kidogo cha valvu, na kazi hiyo ikawa ndiyo maisha yake.

Mwandishi, mtengeneza vichezeo na daktari

Habari ya pili inapita karibu na kwetu. Roald Dahl, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto, kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell huko Dar es Salaam, na alijifunza Kiswahili. Mwaka 1960, mjini New York, teksi iligonga kigari cha mwanawe mchanga, Theo. Mtoto aliumia kichwa, maji yakajaa, akawekewa valvu ya aina ya Holter. Ikawa inaziba mara kwa mara, na kila ilipoziba mtoto alirudishwa kwenye chumba cha upasuaji.

Familia iliporudi Uingereza, Dahl alimwendea mtu aliyemfahamu, Stanley Wade. Huyu alikuwa hodari wa kutengeneza pampu ndogo sana za injini za ndege za kuchezea. Akawakutanisha yeye na daktari wa upasuaji wa ubongo, Kenneth Till. Mwaka 1962 valvu ya hao watatu ilikuwa tayari, nao walikubaliana wasichukue faida. Wakati huo Theo alikuwa amepata nafuu, hakuihitaji tena. Lakini ilitumika kwa maelfu ya watoto wengine.

Ndugu zetu, hapa tunataka msikilize kwa makini. Mwandishi hakuweza kutengeneza valvu. Fundi wa ndege za kuchezea hakujua ubongo. Daktari hakuwa na ufundi wa vyuma vidogo. Kila mmoja alikuwa na theluthi moja ya kazi. Kwa hiyo asije kijana yeyote akasikia maneno yetu akaenda kumwekea mtu kitu alichokichonga mwenyewe. Kifaa cha tiba hupimwa, hujaribiwa, na hupita mikononi mwa madaktari kabla ya kumgusa mgonjwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Daktari aliyeitazama barabara

Sasa turudi Mbale. Mwaka 2000 daktari wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alihamia Uganda na familia yake akafanye kazi katika hospitali ile. Aliona mambo mawili. La kwanza ni bei. Valvu moja maarufu kutoka Marekani iligharimu karibu dola 650, na nyingine iliyotengenezwa India, iitwayo Chhabra, iligharimu karibu dola 35. Alizilinganisha kwa watoto 195. Taarifa yake ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Cha bei nafuu kikipimwa kwa uaminifu, si lazima kiwe kibaya.

Jambo la pili lilikuwa barabara. Mpira unaweza kuziba wakati wowote. Mtoto wa London hufikishwa hospitali kwa saa moja. Je, mtoto wa kijijini ambaye basi hupita mara mbili kwa wiki? Warf alitafuta namna ya kumtibu mtoto pasipo kumwachia kifaa cha kuziba. Aliingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo, akafungua tundu la kupitishia maji, na akachoma sehemu inayoyatengeneza ili yapungue. Mwaka 2017 ulitangazwa utafiti wa watoto 100 uliofanywa hapo hapo Mbale. Ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja akili za watoto wa njia hiyo hazikupitwa kwa kiasi cha maana na zile za waliowekewa mpira. Njia iliyozaliwa karibu na Namatala leo inatumika katika nchi nyingi, zikiwemo tajiri.

Umbali ndio uliomfundisha daktari huyo. Basi nani anaujua umbali kuliko sisi? Tunajua kituo cha afya kiko saa ngapi kwa miguu, umeme hukatika lini, na vumbi huingia wapi. Tumezoea kuyahesabu hayo kama shida zetu tu. Kwa anayetaka kutengeneza kifaa kitakachofaa mahali kama hapa, hayo ni elimu, tena haipatikani katika duka lolote.

Mkimbizi na fundi viatu

Huenda mtu akanong'ona kwamba hao wote walikuwa na nchi zao. Haya, mtazameni Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, mtoto wa fundi saa, na alimsaidia baba yake kazini. Akasomea udaktari. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe aliwatibu majeruhi wa upande ulioshindwa. Mwaka 1939 aliwavusha majeruhi milima ya Pyrenees mpaka Ufaransa. Akawa mkimbizi kama sisi, akaenda Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko ndiko alikobuni namna ya kunyoosha mguu kifundo wa mtoto mchanga kwa kuufunga plasta kila juma, kidogo kidogo, bila upasuaji mkubwa.

Njia hiyo ililetwa Uganda kwa juhudi za watu kadhaa, akiwemo daktari Shafique Pirani, mzaliwa wa nchi hii ambaye familia yake iliondoka Waasia walipofukuzwa mwaka 1972. Naye alirudi kusaidia. Lakini mguu ukisha kunyooka hauna budi kushikiliwa usirudie kupinda, na kifaa cha kuagiza kutoka ng'ambo kilikuwa ghali mno. Mholanzi Michiel Steenbeek alibuni hapa hapa Uganda viatu viwili vya ngozi vilivyounganishwa kwa upau wa chuma. Vinahitaji ngozi, uzi, chuma, na mashine ya kuchomelea. Kisigino kimeachiwa tundu ili mama aone kama mguu umekaa sawasawa. Fundi viatu na mchomeleaji wakifundishwa wanaweza kuvitengeneza. Hapa kambini mafundi viatu tunao, na wachomeleaji tunao pia. Mpaka leo tumewahesabu kuwa wafanyabiashara wadogo tu.

Tunachoomba

Bwana Mwenyekiti, kazi hii ina mlango mkubwa kuliko ubunifu peke yake. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Perry na Malkin, walikusanya takwimu za vifaa vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Vifaa karibu 40 katika kila 100 vilikuwa havifanyi kazi. Maana yake ni kwamba wanahitajika mafundi wa vifaa tiba wa kuvitunza na kuvitengeneza. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza shahada ya uhandisi wa vifaa tiba mwaka 2011. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 na unaochukua jina la Albert Einstein, aliyekuwa mkimbizi naye, umewasomesha wakimbizi wengi katika vyuo vikuu.

Kwa hiyo kwa wageni wetu wa mashirika tunaomba mambo matatu, kwa heshima. Kwanza, kila mtoto mchanga aliyepata homa apimwe kichwa kwa utepe kila anapoletwa kliniki. Utepe ni kitu cha bei ndogo. Pili, mtoto mwenye mpira kichwani akianza kutapika, kupata homa, kusinzia kupita kawaida au kichwa kuvimba, gari litolewe siku hiyo hiyo, isingojwe orodha ya wiki ijayo. Tatu, mafunzo ya ufundi yasiishie kwenye cherehani na saluni. Mashine zilizoharibika na kufungiwa ghalani, ambazo hazitarudi tena kwa mgonjwa, wapewe vijana wazifungue na kujifunza chini ya fundi mwenye ujuzi.

Kwa wazazi tunaomba moja: msimfiche mtoto.

Na kwenu vijana. Yupo miongoni mwenu mmoja aliyeacha shule akawa anatengeneza redio na simu pale sokoni. Tuliporudi kutoka Mbale tulimwonyesha kile kimpira cha Namatala tukamsimulia habari ya Holter. Usiku alikuja kugonga mlango wetu. Akauliza, "Mwalimu, ina maana huu ufundi wangu unaweza kuishia hospitalini?" Tukamwambia unaweza, lakini lazima upitie kwenye fizikia na hesabu. Alinuna kidogo. Sasa anakuja darasani kila jioni akimaliza kazi, na hesabu za mgandamizo wa maji amezishika kuliko wanafunzi ambao hawajakosa hata siku moja.

Mtoto yule mwaka huu ameanza chekechea. Alichelewa kutembea, na bado tunamwangalia kwa hofu kila anapopata homa. Lakini anahesabu mpaka kumi, na mama yake siku hizi anapanga ndoo yake bombani pamoja na wenzake.